Filamu ya Kutazamwa Mapajani

Mwaka wa tisa tangu Jicho liwekwe kwenye kuta zetu, jirani yangu Mama Kadinda alimfunika mwanawe kwa tenga la kuku ili familia imalizie tamthilia. Mtoto mwenyewe, wa mwaka mmoja na nusu, hakulia. Alitulia humo ndani na kipande chake cha muwa, akachungulia kwenye tundu moja, na Jicho likamwona. Ukuta ukamkata bwana harusi aliyekuwa karibu kupigwa kofi, ukaweka bata watatu wanaogelea. Sebule nzima ikapiga yowe. Hata mimi, ng'ambo ya ua wa mianzi, nilimsikia baba mwenye nyumba akiuliza kwa uchungu, "Sasa kofi limempata au halijampata?"

Usicheke. Kila nyumba ya Njombe ilikuwa na kisa chake. Sheria ilikuwa fupi: jicho dogo ndilo hakimu. Kila ukuta wa kuonyeshea picha ulikuwa na kidude kama kifungo cha shati, ndicho hicho tulichokiita Jicho. Kiliwatazama waliokaa mbele yake, kikamtafuta aliye mdogo kuliko wote, kikakisia umri wake, kisha kikaonyesha kile tu ambacho mtoto wa umri huo aliruhusiwa kuona. Mtoto akienda chooni, tamthilia. Akirudi, bata.

Na nani aliyekuwa anaamua mtoto wa umri gani aone nini? Hapo ndipo watu walipokuwa wakinitafuta sokoni, nami nikijificha nyuma ya magunia ya viazi. Jina langu ni Odilia Mlowe. Nilifundisha chekechea miaka ishirini na minane, kisha nikapewa kazi ya mpimaji mkuu katika Kituo cha Kupima Filamu za Watoto. Bila sahihi yangu, hakuna filamu iliyoingia nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka saba, kuanzia Makambako hadi Ludewa. Bata wale watatu niliwapitisha mimi mwenyewe, na nilidhani ni wazuri.

Nyumbani kwangu nako kulikuwa na jicho dogo. Salvina, mjukuu wangu, miaka mitano, aliachwa kwangu na binti yangu aliyekuwa masomoni nje. Kila jioni tulichoma viazi kwenye jiko la mkaa, na kila jioni Salvina alichagua kimoja, kile cha wastani kisichoungua, akakiweka kwenye kopo tupu la majani ya chai, akalifunika.

"Cha Babu," alisema. "Akirudi asikute hakuna."

Babu yake, mume wangu Zabroni, alikuwa kaburini miezi minne.

Siku ya msiba tulimpeleka mtoto kwa shangazi yake Makambako. Aliporudi akakuta kiti kitupu, akauliza. Nikamjibu kama tunavyowajibu watoto wote huku kwetu: amesafiri. Amekwenda Mbeya kutibiwa mguu. Neno likishatoka halirudi mdomoni. Na kile kiazi je? Nisingeweza kukiacha kioze kwenye kopo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajaamka, nilikila mimi. Kikavu, bila chumvi, nimesimama. Naye akiamka anafungua kopo, anaona limebaki tupu, anatabasamu, anakwenda kupiga mswaki.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa imeshafika viazi mia moja na ishirini, na sikuuona mwisho wake.

*

Filamu yenyewe ilifika Jumatano. Iliitwa *Koti la Mzee Chaula*, dakika hamsini, kazi ya binti mmoja wa Mafinga ambaye hatukuwahi kumsikia. Juu ya ombi aliandika kwa mkono: kwa watoto wa miaka minne na kuendelea. Na chini yake: tafadhali msiifunge, nimeitengeneza kwa ajili ya wadogo zangu. Kulikuwa na sababu ya kuomba hivyo. Filamu iliyofungwa na kituo chetu ilikaa kabatini miaka saba kabla ya kuruhusiwa kuomba tena, na wadogo wa mtu huwa hawangoji.

Watoto wetu wa kupima walikuwa kumi na wawili, wa miaka minne hadi sita. Kila mmoja aliingia kwenye kibanda chake cha mviringo kama mzinga wa nyuki, na mizinga ndivyo tulivyoviita, akafungwa bangili, akakaa peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kwanza ya kitabu cha waliotengeneza mashine: mtoto asimwone mwenzake wala mzazi, maana woga huambukiza. Bangili ilisoma mapigo ya moyo, pumzi na jasho la kiganja. Mashine ikachora mstari mmoja kwa kila mtoto. Mstari wa kijani, mtoto yuko sawa. Ukiwa mwekundu kwa zaidi ya sekunde tisini, moyo umezidiwa. Watoto watatu wakizidiwa, filamu inafungwa kwa wote walio chini ya miaka kumi na miwili.

Aliyeilea mashine hiyo alikuwa Menas Ngonyani, Mngoni wa Peramiho, mtani wangu. Mimi ni Mbena. Babu zake na babu zangu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia sisi matusi ya halali. Asubuhi hiyo alinikuta navua sweta la pili.

"Mtani, mbona umevaa kama unahama? Au mmesikia Wangoni tunarudi?"

"Mkirudi safari hii mje na viatu," nikamjibu. "Mara ile mlivyokimbia mlituachia nyayo tu."

Akacheka, akawasha mashine.

Mzee Chaula alikuwa fundi viatu mwenye koti refu la kijivu, lenye mifuko saba, na kila mfuko ulikuwa na kitu cha mjukuu wake: pipi, filimbi, donge la nta. Watoto walilipenda koti lile. Nilisikia vicheko vikitoka mzinga hadi mzinga. Dakika ya thelathini Mzee Chaula akalala, hakuamka. Watu wakajaa uani. Vilio. Kisha wakaja watani wake, kama wanavyokuja katika kila msiba wenye heshima, na mmoja wao alikuwa amevaa lile koti. Akatembea kama marehemu, akajikuna sikio kama marehemu, akauliza kwa nini chai yake imechelewa.

Mistari ikapanda. Mmoja ukawa mwekundu, ikawa mitatu, ikawa sita. Mlango wa mzinga wa pili ukafunguliwa kwa teke. Akatoka Fausta, msichana wa miaka sita aliyejipa mwenyewe cheo cha kuwasimamia wenzake.

"Mimi natoka!" akatangaza. "Huyu amekufa halafu anatembea!"

"Tisa kati ya kumi na wawili," Menas akasema taratibu. "Imefungwa."

"Imefungwa," nikasema, na nitasema kweli: nilifurahi. Kama ingepita, ingeonyeshwa Siku ya Watoto kwenye kuta zote, wa kwangu ukiwemo. Salvina angemwona babu akilala na kutoamka, angegeuka kunitazama, na mimi ningekuwa na nini cha kumwambia? Nilifurahi kama mwanafunzi aliyesikia mtihani umeahirishwa.

Lakini kanuni ilitaka kila filamu ipimwe mara mbili, siku mbili tofauti.

*

Alhamisi umande uliganda kwenye majani, ukawa mweupe kama chumvi. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba wa Njombe hauna mzaha. Hita za mizinga zote ziligoma. Menas alifungua ya kwanza, akafungua ya pili, akasimama.

"Waya zimetafunwa na panya."

"Panya wameingia kwenye nyumba yenye Mngoni?" nikamwuliza. "Hao wamechoka kuishi."

"Nitawashughulikia mchana," akasema, uso mkavu. "Sasa hawa watoto tuwaweke wapi?"

Walikuwa wakitetemeka barazani, meno yanagongana, pamoja na mama na bibi zao waliowaleta. Menas akatandika mkeka mkubwa ukumbini na kuleta mablanketi mawili. Bangili zilisoma popote, alisema, hata uwanjani. Kanuni ilitaka kila mtoto awe peke yake, lakini aliyeiandika hakuwahi kuamka Njombe mwezi wa saba.

Tuliwapanga watoto kwenye mkeka kwa mistari mizuri. Mistari ile ilidumu dakika mbili. Mama mmoja aliingia kumfunga mwanawe skafu, hakutoka. Bibi mmoja akaingia kumwambia yule mama atoke, naye akakaa. Punde wote walikuwa ndani, na kila mtoto amepanda kwenye paja la mtu kana kwamba paja lile limeandikwa jina lake. Mama yake Fausta alikuwa amewahi sokoni. Fausta akatazama huku na huku, akanipima kuanzia kichwani hadi miguuni, akaja kunikalia.

"Una mifupa," akaniambia.

Dakika ya thelathini nilihisi mgongo wake ukikakamaa. Mzee Chaula akalala, hakuamka, na kwenye kioo cha mashine ya Menas niliona mistari ikianza kupanda, ileile, kama jana. Kisha mtani akatokea na lile koti. Na wale wanawake kwenye mkeka wakaangua kicheko.

"Hao sasa! Watani hao!" mmoja akasema, akijipiga paja ambalo mwanawe hakulikalia. "Wangoja chai ya marehemu!"

Bibi aliyekaa ukutani akaweka mdomo kwenye sikio la mjukuu wake, lakini alikuwa na sauti ya shambani na sote tulimsikia. "Mzee amekufa kweli. Huyo mwenye koti ni mtani wake. Anawakumbusha watu alivyokuwa, wasije wakabaki na kilio peke yake."

Fausta akanigeukia. "Kumbe huyo si mfu?"

"Si mfu. Ni mtani tu."

"Na Mzee Chaula mwenyewe?"

"Yeye amekufa," nikasema.

Miezi minne nilikuwa sijalitamka neno hilo mbele ya mtoto. Fausta alilifikiria kidogo, akarudisha macho ukutani. Yule mtani alikuwa anakagua mifuko ya koti na kulalamika kwamba marehemu amemwachia nta tupu. Fausta akaanza kucheka, na alipocheka yeye mwili wangu wote ulitikisika, maana alikuwa mzito.

"Anamwigiza vizuri," akasema. Kisha akajipapasa nywele. "Mbona unanidondoshea maji?"

Picha ilipoisha, mistari kumi na mmoja ilikuwa ya kijani. Mtoto wa kumi na mbili alikuwa amelala fofofo tangu dakika ya ishirini, na kanuni haikusema lolote kuhusu usingizi.

"Njoo uone kitu," Menas akaniita.

Chini ya kila mstari palikuwa na mstari mwingine, mwembamba, hafifu. Nikamwuliza ni nini.

"Moyo wa aliyempakata. Bangili inausikia kupitia mwili wa mtoto. Kitabu kinauita uchafu. Kinaniagiza niufute kabla ya kuchora." Akaweka kidole kwenye dakika ya thelathini. "Tazama. Mtoto anapanda, anapanda. Mama hapandi. Sasa mtoto anafanya nini? Anashuka kumfuata mama."

Kweli mstari wa juu ulishuka hadi ukaukaribia wa chini, na kutoka hapo ikaenda pamoja, kama ndama na mama yake wanaporudi zizini. Nilitazama mtoto wa kwanza, wa pili, wa tano. Ilikuwa vilevile.

"Miaka tisa, mtani," Menas akasema. "Miaka tisa nawafungia mama za watu nje."

*

Tulikaa ofisini na vikombe vya uji, mezani fomu moja na majibu mawili. Kwa kanuni, jibu la Alhamisi lilikuwa batili na la Jumatano ndilo halali. Nilichukua kalamu.

"Unaifunga?" Menas akauliza.

"Wale tisa wa jana nao walikuwa watoto, Menas. Tukiiruhusu, Siku ya Watoto kuna mmoja atakayeiona peke yake, mama yuko shambani, na mfu anatembea ukutani. Huyo nimwambie nini? Kwamba kuna watoto kumi na mmoja walicheka?"

Hilo lilikuwa neno la haki, na Menas hakulibeza. Alikunywa uji, akafikiri, akanywa tena.

"Jicho linajuaje umri wa mtu?" akaniuliza.

"Wewe ndiye fundi."

"Linatazama ngozi ya uso. Kila moyo unapopiga, damu inapanda usoni, rangi inabadilika kidogo tu, wewe huoni lakini lenyewe linaona. Kwa hiyo linahesabu mioyo. Nikiliambia lisifungue filamu hii mpaka lione mtoto ameshikwa na mtu, mioyo miwili karibu karibu, litaweza."

"Na asiye na mtu?"

"Siku hizi asiyefaa anawekewa bata. Mimi ningeuambia ukuta umwambie: tafuta mtu, nakusubiri. Mtu yeyote. Jirani, kaka, muuza maziwa. Na ukuta usubiri kweli, hata wiki."

Ilikuwa fikra nzuri, ndiyo maana nilitafuta haraka cha kuipinga. Nikasema fomu ina nafasi moja tu, ya umri, haina nafasi ya mapaja. Nikasema wakubwa watatucheka. Nikasema muuza maziwa ana haraka.

Menas akaweka kikombe chini.

"Odilia," akasema.

Hakuwahi kuniita kwa jina. Miaka yote nilikuwa mtani.

"Zabroni alipofariki nilikuja na kofia yake kichwani, ile aliyoisahau kwangu. Ukanirudisha getini."

Ilikuwa kweli. Niliwaambia watu nataka msiba wa utulivu. Nilidhani nikimsikia mtu akikohoa kama Zabroni nitaanguka. Tukamzika kimya kimya, watu wakala wali wakitazama sahani, na mtani wake alisimama nje na kofia mkononi.

"Kazi yangu kwa rafiki yangu haijaisha," Menas akasema. "Na wewe hapa huamui habari ya filamu. Unaamua habari ya kopo."

Siku moja, kwa udhaifu, nilikuwa nimemsimulia habari ya kopo. Mwenye siri na asimwambie mtani.

Kusaini nyekundu kulikuwa rahisi, na kanuni ingenilinda. Lakini nilishamhisi Fausta akicheka juu ya mapaja yangu, na siwezi kusema sikumhisi. Na kijani nacho, ningekiandikaje? Ningewaambia akina mama wa mkoa mzima wawapakate watoto wao na kuwaambia ukweli, mimi mwenyewe nikiwa nakula viazi nimesimama?

Kwenye droo mlikuwa na fomu nyingine, ya jaribio la nyumbani. Mpimaji aliyekwama aliruhusiwa kwenda na filamu kwake, akaitazama na mtoto wa nyumba yake, akajaza umri wa mtazamaji, jinsi alivyoipokea, na jina la aliyekuwa naye. Hakuna aliyewahi kuitumia. Niliitoa, nikaipuliza vumbi.

"Kesho njoo urekebishe Jicho la kwangu," nikamwambia Menas. "Na Jumamosi saa kumi alasiri uje tena."

"Jumamosi nije na nini?"

"Ile kofia unayo bado?"

"Uliniacha nayo getini," akasema.

*

Jumamosi jua lilitoka, Salvina akaketi kwenye kigoda chake mbele ya ukuta. Nikawasha.

"Tafuta mtu," ukuta ukasema kwa sauti ya Menas, maana hakupata nyingine. "Nakusubiri."

Salvina alifurahi mno. Ukuta wetu haukuwahi kumsemesha. Akaenda kumleta mwanasesere wake, akampakata. "Tafuta mtu. Nakusubiri." Akamleta paka. Jicho likamtazama paka, likafikiri kidogo, na kwa muda nilidhani Menas ameharibu kazi. "Tafuta mtu," ukuta ukasema. Paka akaondoka ameudhika.

"Bibi," Salvina akaniita, "wewe si ni mtu?"

Nikakaa kwenye kiti cha Zabroni, ambacho nilikuwa sijakikalia tangu mwezi wa tatu. Salvina akapanda mapajani. Picha ikaanza.

Alicheka kwa kila mfuko. Alitaka tushone koti kama lile. Nami nilicheka pia, lakini nilikuwa nahesabu dakika, na ilipokaribia ya thelathini magoti yangu yakaanza kucheza chini yake. Salvina akayahisi. Akaichukua mikono yangu yote miwili na kuikumbatia tumboni kwake.

"Hapa anakufa," akaninong'oneza.

"Umejuaje?"

"Amelala na viatu." Akageuza shingo, akanitazama kwa makini, kama ninavyowatazama mimi watoto mizingani. "Utaweza kutazama, Bibi? Ukishindwa tutafunga."

Nilifanya kazi ya kuuliza swali hilo kwa miaka tisa. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

"Salvi," nikasema. "Babu hakusafiri."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Amekufa. Kule Makambako shangazi alikuwa analia jikoni. Nikamwuliza, akasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu."

Ukutani watu wa Mzee Chaula walikuwa wanalia, na mimi nikaona aibu kubwa, aibu ya mtu mzima aliyekamatwa akijificha nyuma ya pazia na miguu yake inaonekana.

"Sasa kile kiazi," nikamwuliza, "siku zote hizi ulikuwa unamwekea nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Mezani ulikuwa huli. Ukipakua unachezea tu. Halafu siku ya kwanza nilimwekea Babu kweli, nione kama atarudi kama ulivyosema, nikaamka, nikakuona mlangoni unakula. Chote." Akainua mabega, kama anayeeleza jambo lililo wazi kwa kila mtu. "Kwa hiyo nikawa nakuchagulia kisichoungua."

Nililia, sitaficha. Nililia huku nacheka, na Salvina akageuka akapiga magoti juu ya mapaja yangu, akakivuta kichwa changu kifuani kwake na kukipigapiga kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye akiumwa tumbo. Nilisikia moyo wake. Ulikuwa unakwenda taratibu kabisa. Ukuta nao haukukata picha. Ulikuwa umeona mioyo miwili, na haukuulizwa upi ni wa nani.

"Tazama sasa," Salvina akasema juu ya kichwa changu. "Kuna mtu amevaa koti lake."

Na hapo mlango ukabishwa hodi, ukafunguliwa bila kungoja karibu. Menas Ngonyani akaingia na kofia ya Zabroni imeshuka hadi kwenye nyusi, akiburuta mguu wa kushoto. Akasimama katikati ya sebule. Akakohoa mara mbili.

"Nani amekalia kiti changu?" akanguruma. "Na viazi vyangu viko wapi? Mtu anatoka kaburini kwa miguu anakuta hata kiazi hakuna!"

Salvina akapiga kelele. Nilishtuka, nikamshika, kisha nikaelewa ni kelele gani. Alikuwa anacheka mpaka akashindwa kupumua, akateleza chini, akagaagaa kwenye zulia.

"Si hivyo!" akasema alipopata pumzi. "Babu alikuwa anakohoa mara tatu! Ya tatu ndogo!"

Menas akakohoa mara tatu.

"Ya tatu ndogo!"

Akarudia. Na ile ya tatu, ndogo, kavu, ya kuomba radhi, ilikuwa ya Zabroni mtupu. Nilikuwa nimeikimbia miezi minne. Haikuniangusha. Niliisikia, nikatamani irudiwe, nikasema, "Na mguu unaburuta vibaya, Mngoni wewe. Aliuburuta kwa madaha." Nikasimama nikamwonyesha. Salvina akainuka naye, akajiweka nyuma yetu, na tukaizunguka sebule watu watatu, wote tunachechemea kwa madaha, huku Mzee Chaula akiendelea kuzikwa ukutani bila kutazamwa na mtu.

"Mama Mlowe!" jirani yangu Mama Kadinda akaita kutoka ng'ambo ya ua. "Mnatazama nini huko? Jicho lenu limeharibika?"

"Limepona!" nikamjibu.

Jioni tulichoma viazi vinne. Menas alikula viwili, akalalamika kwamba Wabena hatujui kuchoma. Salvina alilichukua lile kopo, akalikagua ndani, akaniuliza kama tuna majani ya chai ya kutosha kulijaza. Tulikuwa nayo. Nilikula kiazi changu nimekaa, kwa chumvi.

Kisha nikavuta fomu. Penye daraja, pale panapotakiwa kuandikwa umri, niliandika neno moja, *Mapajani*, na pembeni nikaeleza kwa kirefu habari ya mioyo miwili na ukuta unaosubiri, ili wakubwa wapate cha kubishania. Nikaweka sahihi. Ikabaki ile ya jaribio la nyumbani, mistari yake mitatu. Salvina alikuwa amesinzia begani kwangu na kofia ya babu yake kichwani. Nilijaza hivi:

Umri wa mtazamaji: miaka sitini na mmoja.

Alivyoipokea: alizidiwa dakika ya thelathini, akatulia.

Aliyempakata: Salvina, miaka mitano.